Faili la Kanuni 208: Kwa Nini Mfuko wa Hewa Ulichukua Miaka 20 Kuingia Garini

Mwishoni mwa 1973 magari mapya ya Marekani yalianza kutoka kiwandani na tabia ambayo wenye magari hawakuwa wameizoea. Dereva anaingia, anatia ufunguo, anauzungusha, na gari halitoi hata mguno mpaka afunge mkanda. Kiti cha abiria wa mbele nacho kilikuwa na kihisi cha uzito. Ukiweka pale mfuko mzito wa bidhaa, au mbwa akiruka akakaa, gari liliamini limebeba mtu na likagoma kuwaka hadi mkanda wa kiti hicho ufungwe. Watu wakajikuta wanaufungia mkanda mfuko wa bidhaa. Wengine walitafuta fundi wa kukata nyaya.

Karibu hakuna aliyeupenda mtambo ule, wala wataalamu wa mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, hawakuwa wameulenga. Lengo lao lilikuwa mfuko wa hewa, ule unaofyatuka kutoka kwenye usukani gari linapogonga. Mtambo uliingia kwenye kanuni kama njia ya katikati, baada ya wakubwa wa kiwanda kimoja kikubwa kuonana na rais. Mwaka mmoja baadaye wananchi walikuwa na hasira kiasi kwamba Bunge liliupiga marufuku. Na kwa kuwa mtambo na mfuko wa hewa vilikuwa ndani ya kanuni moja, hasira ya mtambo ikauangukia mfuko.

Kanuni hiyo inaitwa Kanuni ya Shirikisho ya Usalama wa Magari namba 208. Naichambua hapa kwa kirefu kwa sababu inaonyesha kwa uwazi wa nadra jinsi sera ya umma inavyotengenezwa baada ya sheria kupitishwa, wakati kamera zimeondoka na kazi imebaki kwa watumishi wa umma, mawakili, wahandisi na watu wanaolipwa kukaa nje ya milango ya wizara.

Sheria fupi, kazi ndefu

Septemba 1966 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoipa serikali ya shirikisho uwezo wa kuweka viwango vya usalama wa magari. Mwaka huohuo mkuu wa General Motors, James Roche, alikuwa ameomba radhi mbele ya kamati ya Seneti kwa sababu kampuni yake ilikodi wapelelezi wamfuatilie Ralph Nader, wakili kijana aliyekuwa akiyakosoa magari yake. Kwa siku zile watengenezaji hawakuwa na uso wa kuipinga sheria, na ilipita kwa urahisi.

Lakini sheria yenyewe haikusema gari liwe na nini. Ilisema viwango vitakavyowekwa viwe vinatekelezeka, vikidhi haja ya usalama, na viandikwe kwa namna inayoweza kupimwa bila kutegemea maoni ya mtu. Mambo mengine yote yaliachiwa mamlaka. Ni kawaida kwa mabunge ya nchi nyingi kufanya hivi, na mara nyingi ni busara, kwa maana mbunge hajui kifua cha binadamu kinahimili nguvu kiasi gani. Tatizo ni kwamba kila neno lililoachwa wazi ni uwanja wa mapambano ya baadaye. Neno "vinatekelezeka" pekee lililisha ofisi nyingi za mawakili kwa miaka.

Mkuu wa kwanza wa mamlaka alikuwa daktari, William Haddon. Kabla yake usalama barabarani ulihubiriwa kama suala la tabia: endesha polepole, usinywe, funga mkanda. Haddon aliuona kama suala la afya ya jamii. Kwake ajali ilikuwa nishati inayoumiza mwili, na kazi ya serikali ilikuwa kuweka kitu kati ya nishati hiyo na mwili bila kungoja mtu akumbuke kufanya jambo. Ni sawa na kusafisha maji kwenye bomba kuu badala ya kuwaomba watu wote wayachemshe. Humo ndimo lilimozaliwa wazo ambalo kwenye nyaraka liliitwa kinga isiyomtegemea abiria, na ambalo mimi nitaliita kinga isiyongoja mtu.

Haddon hakukaa muda mrefu serikalini. Mwaka 1969 alihamia taasisi ya usalama barabarani inayogharamiwa na kampuni za bima, akaiongoza hadi kifo chake mwaka 1985. Kijana aliyemsaidia katika mamlaka, Joan Claybrook, alikwenda kufanya kazi na Nader. Naomba msomaji ayakumbuke majina haya mawili. Vitabu vya siasa hupenda kueleza uhusiano wa urasimu na makundi ya nje kwa picha ya pembetatu ya chuma, yaani kamati ya bunge, ofisi ya serikali na sekta inayosimamiwa, wote wakilindana. Hapa picha hiyo haitoshi. Watu walitoka serikalini kwenda kwenye makundi, wakarudi, na walibeba mfukoni ufahamu wa mahali kila karatasi ilipo.

Kuvuta na kuachia

Kanuni 208 ya awali, ya 1967, iliagiza tu kwamba magari yawe na mikanda. Mikanda ikawekwa, watu hawakuifunga. Mwaka 1969 mamlaka ikapendekeza kinga isiyongoja mtu, na mwaka uliofuata ikaanza kuiandika kwenye kanuni.

Tarehe 27 Aprili 1971 Henry Ford II na Lee Iacocca, aliyekuwa rais wa kampuni ya Ford, waliketi na Rais Richard Nixon ofisini kwake. Tunajua walichozungumza kwa sababu Nixon alikuwa anarekodi mazungumzo yake mwenyewe. Walilalamikia gharama za kanuni za usalama na ushindani kutoka nje, na rais aliwasikiliza kwa huruma. Baada ya hapo tarehe ya mfuko wa hewa ilisogezwa mbele hadi Agosti 1975, na katikati ikawekwa ruhusa: gari lisilo na kinga isiyongoja mtu lingeweza kuuzwa ikiwa lina mikanda na ule mtambo wa kugoma kuwaka. Ford ndio waliokuwa wakiupigia debe mtambo huo.

Wakati huohuo watengenezaji walikuwa mahakamani. Mwaka 1972 Mahakama ya Rufaa ya mzunguko wa sita ilisema mamlaka ina haki ya kudai kinga isiyongoja mtu, hata kama inawalazimisha watengenezaji kukuza teknolojia ambayo haijakamilika. Ila ikaizuia kanuni isianze kwa sababu moja ambayo ukiisoma kwa haraka utadhani ni ya kitoto: sanamu. Kanuni ilisema gari lipimwe kwa kuligongesha likiwa na sanamu la umbo la mtu, lakini haikueleza vya kutosha sanamu hilo liweje. Shingo yake ipinde kiasi gani? Kifua chake kibonyee kwa nguvu ipi? Masanamu mawili yaliyotimiza maelezo yaleyale yangeweza kutoa majibu tofauti kwa gari lilelile. Sheria ilitaka kipimo kisichotegemea maoni ya mtu, na shingo ya sanamu ilikuwa inategemea nani kaitengeneza.

Hapa ndipo nilipoanza kuiheshimu kazi ya mrasimu. Ahadi ya rais, kilio cha mzazi aliyefiwa na hotuba ya seneta vyote hupita kwenye tundu dogo la maelezo ya kiufundi, na mwenye wahandisi wengi ndiye anayejua tundu liko wapi. Watengenezaji walikuwa nao. Nader na wenzake hawakuwa nao wa kutosha. Kampuni za bima, kwa kuwa zililipia majeruhi na vifo kila siku, zilikuwa na sababu ya kuwalipa wataalamu wao, na taasisi ya Haddon ikawa mahali pa kuzalisha takwimu ambazo watengenezaji hawakuweza kuzipuuza. Bima hazikuwa zikitenda wema. Faida yao iliangukia upande mmoja na uhai wa abiria, na katika siasa bahati ya namna hiyo ni ya kushikwa kwa mikono miwili.

Mtambo ulipoleta ghadhabu, Oktoba 1974 Bunge liliufuta na kupiga marufuku hata kengele ya kukumbusha mkanda inayolia zaidi ya sekunde 8. Likaenda mbali zaidi: kanuni yoyote mpya ya kinga isiyongoja mtu ingepelekwa kwanza kwake, nalo lingeweza kuikataa. Kutoka siku hiyo kila mkuu wa mamlaka aliandika kanuni huku akisikia mlio wa kengele ile sikioni.

Ndiyo maana sishangai sana uamuzi wa Waziri wa Uchukuzi William Coleman mwishoni mwa 1976. Alikiri kwamba mifuko ya hewa inafanya kazi na gharama yake inabebeka. Kisha akasimamisha kanuni. Aliogopa umma utaikataa kama ulivyoukataa mtambo, akapendekeza majaribio ya hiari ya magari hadi 500,000 ili watu wauzoee. General Motors walikuwa wameshauza magari karibu 10,000 yenye mifuko ya hewa kati ya matoleo ya 1974 na 1976, bila kuyatangaza kwa bidii, halafu wakaacha.

Mwaka 1977 Jimmy Carter aliingia madarakani, na Waziri Brock Adams akairudisha kanuni: magari makubwa yaanze na toleo la 1982, yote yafike 1984. Joan Claybrook alirudi, safari hii kama mkuu wa mamlaka. Mamlaka ilikadiria kwamba kanuni ingeokoa watu 12,000 kwa mwaka na kuzuia majeraha mabaya zaidi ya 100,000. Bunge liliichunguza, halikuikataa. Mahakama nayo ikaikubali. Mtu angedhani mambo yameisha.

Sentensi ambayo haikuandikwa

Lakini mwaka 1981 viwanda vya magari vilikuwa taabani. Magari ya Japani yalikuwa yamewanyang'anya wateja, na Chrysler ilikuwa hai kwa dhamana ya mikopo ya serikali. Ronald Reagan alikuwa ameahidi kupunguza kanuni, na makamu wake, George Bush, aliongoza kikosi kazi cha kazi hiyohiyo. Februari Waziri Andrew Lewis akalifungua upya suala la 208, Aprili akaahirisha kwa mwaka mmoja, na Oktoba mamlaka ikaifuta sehemu yote ya kinga isiyongoja mtu.

Sababu waliyoitoa inastahili kutazamwa kwa karibu. Kanuni haikulazimisha mfuko wa hewa kwa jina. Ilimruhusu mtengenezaji kuchagua kati ya mfuko na mkanda unaojifunga wenyewe mlango unapofungwa. Mwaka 1977 mamlaka ilitarajia asilimia 60 ya magari mapya yatachagua mfuko. Kufikia 1981 ilikuwa wazi kwamba asilimia 99 hivi watachagua mkanda, kwa kuwa ni rahisi zaidi. Tena mikanda hiyo iliundwa ili iweze kufunguliwa, na ukishafunguliwa hautajifunga tena mpaka mtu aufunge. Mamlaka ikasema basi faida iliyotarajiwa haina uhakika, na kuwatoza wanunuzi takriban dola bilioni 1 kwa kitu chenye faida ya kubahatisha si haki.

Isome hoja hiyo mara mbili. Watengenezaji walichagua njia dhaifu kati ya mbili zilizoruhusiwa, na udhaifu wa chaguo lao ukawa sababu ya kuwaondolea wajibu wote. Mtu wa kawaida angeuliza mara moja: kama mkanda ule haufai, si muwaagize mfuko wa hewa peke yake?

Kampuni ya bima ya State Farm na chama cha kampuni huru za bima ndio waliolipeleka swali hilo mahakamani. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, ikasikilizwa Aprili 1983, na uamuzi ukatolewa tarehe 24 Juni 1983. Jaji Byron White aliandika kwamba katika matangazo takriban 60 ya kanuni, sharti hili liliwekwa, likarekebishwa, likafutwa, likarudishwa, na sasa limefutwa tena. Aliandika pia kwamba kwa karibu miaka kumi sekta ya magari ilipigana vita vya kikanuni dhidi ya mfuko wa hewa na ikashindwa, kwa maana kwamba kifaa kilithibitika kinafanya kazi. Kisha akafika kwenye kiini: katika maelezo yote ya kufuta kanuni, mamlaka haikuwa na hata sentensi moja iliyojadili kubakiza mfuko wa hewa peke yake.

Majaji wote tisa walikubaliana kwenye hilo. Mahakama haikusema mfuko wa hewa ni lazima. Haikusema pia kwamba serikali mpya hairuhusiwi kubadili msimamo. Ilisema tu kwamba anayeibomoa kanuni ana wajibu uleule wa aliyeijenga: aeleze, na maelezo yake yaendane na ushahidi ulio kwenye faili. Kuhusu mikanda ya kujifunga majaji waligawanyika watano kwa wanne. Jaji William Rehnquist, kwa niaba ya wanne, alisema kuingia kwa utawala mpya kwa kura za wananchi ni sababu halali ya kupima upya gharama na faida za kanuni.

Rehnquist ana hoja, na siwezi kuipita kimyakimya. Mwananchi aliyempigia Reagan kura alipiga kura dhidi ya kanuni nyingi, na kama watumishi na mahakama wanaweza kuzuia kila badiliko, kura yake ina thamani gani? Hata hivyo nasimama na White. Kura hubadilisha mwelekeo, lakini haibadilishi kinachotokea kichwa kinapogonga usukani. Mamlaka ilikuwa na rafu nzima za majaribio yaliyosema mfuko unaokoa, na kuzipita bila neno ni kuwanyima jibu waliozigharamia na waliofiwa wakati wa kungoja. Hukumu hii leo hufundishwa kwa mawakili wa serikali kama msingi wa sheria ya utawala, na kwa makundi ya nje iliandika upya mkakati. Kuonana na waziri bado kuna faida, ila kuwasilisha hoja yenye ushahidi kwa maandishi, ndani ya muda wa kupokea maoni, kukawa silaha. Usipoijibu hoja hiyo, mahakama itakuuliza kwa nini.

Mtego wa theluthi mbili

Kanuni ikarudi mezani kwa waziri mpya, Elizabeth Dole. Tarehe 11 Julai 1984 alitoa uamuzi wenye milango miwili. Kinga isiyongoja mtu itaanza kwa asilimia 10 ya magari yatakayotengenezwa kuanzia Septemba 1986, ipande hadi asilimia 100 kufikia Septemba 1989. Lakini kama kabla ya Aprili 1989 majimbo yenye theluthi mbili ya watu wa Marekani yatakuwa yamepitisha sheria ya lazima ya kufunga mkanda, inayotimiza masharti aliyoyaweka, kanuni itafutika.

Watengenezaji walioyapinga mashurutisho ya usalama kwa miaka 15 wakageuka ghafla kuwa wahubiri wa mkanda. Waliunda shirika la kampeni lililoitwa Traffic Safety Now, wakamwaga mamilioni ya dola na washawishi wao wakatapakaa kwenye mabunge ya majimbo. Jimbo la New York lilipata sheria yake siku moja tu baada ya tangazo la Dole, kwa kuwa ilikuwa imeshaiva, na mengine yakafuata. Upande wa pili, wanaharakati na baadhi ya bima walijikuta pagumu. Sheria za mkanda waliziamini, lakini kila jimbo lililopitisha sheria kamili lilikuwa linachimba kaburi la mfuko wa hewa.

Njia ya kutokea ilipatikana tena ndani ya maelezo madogo. Masharti ya Dole yalitaka, pamoja na mengine, faini isiyopungua dola 25. California na New Jersey, majimbo yenye watu wengi, ziliweka dola 20. Majimbo mengine yalipunguza hiki au kile. Sheria zikawepo, mikanda ikaanza kufungwa kwa wingi, lakini theluthi mbili ya watu chini ya sheria zinazotimiza masharti haikufika. Aprili 1989 ikapita na kanuni ikabaki imesimama.

Matokeo yake hayakuwa yamepangwa na upande wowote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni Wamarekani wapatao 14 katika 100 waliokuwa wakifunga mkanda, na kufikia 1990 walikuwa karibu nusu. Fedha za watengenezaji ndizo zilizosukuma sehemu kubwa ya sheria zilizoleta hilo. Na mfuko wa hewa nao ukaingia. Nadhani huu ndio ukurasa wenye heri zaidi katika faili lote, ingawa ulitokana na kila mtu kumtegea mwenzake mtego.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Serikali yenyewe ilinunua magari ya Ford takriban 5,000 yenye mfuko kwa ajili ya watumishi wake, jambo lililoipa teknolojia soko la kuanzia. Mwaka 1988 Chrysler ilitangaza kwamba itaweka mfuko wa dereva kwenye magari yake yote yanayotengenezwa nchini. Aliyekuwa akiiongoza Chrysler ni Lee Iacocca, yuleyule wa 1971. Machi 1990, huko Virginia, magari mawili ya Chrysler yenye mifuko yaligongana uso kwa uso, na madereva wote wawili wakatoka wakitembea. Wateja wakaanza kuuliza mfuko dukani kabla ya kuuliza rangi. Desemba 1991 Bunge, lilelile lililokuwa likiogopa kengele, likaandika kwenye sheria kwamba magari yote madogo ya abiria ya toleo la 1998 yawe na mifuko miwili mbele.

Sanamu lililobaki

Ningeweza kuishia hapo na kisa kingekuwa cha ushindi. Sitaki, kwa sababu kuna watu hawakuwa na kundi.

Mfuko wa hewa lazima ujae katika muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho. Nguvu yake ilipangwa na jaribio la kanuni, na jaribio hilo lilitumia sanamu la mwanaume wa wastani asiyefunga mkanda, gari likiwa kwenye mwendo wa karibu kilomita 48 kwa saa. Asiyefunga mkanda alichaguliwa kwa sababu wazo zima lilizaliwa wakati ambapo karibu hakuna aliyefunga. Kumzuia mwanaume mzito anayerushwa mbele bila mkanda kunahitaji mfuko mkali. Mfuko huohuo unamkuta mwanamke mfupi aliyesogea karibu na usukani ili afikie kanyagio, au mtoto aliyeketi mbele, au mtoto mchanga aliyewekwa kwenye kiti chake akiangalia nyuma.

Kati ya 1990 na 2008 vifo zaidi ya 290 vilitokana na kufyatuka kwa mifuko ya mbele katika ajali za mwendo mdogo, ajali ambazo abiria angeshuka akiwa na michubuko. Wengi wa waliokufa walikuwa watoto. Karibu asilimia 90 ya vifo hivyo vilitokea kwenye magari yaliyotengenezwa kabla ya 1998.

Kinachoniuma ni kwamba onyo lilikuwepo. Wahandisi wa watengenezaji walikuwa wameitaja hatari ya mtoto aliye karibu na mfuko tangu miaka ya 1970. Lakini aliyeitaja alikuwa yuleyule aliyepinga mkanda, kiegemeo cha kichwa kwenye kiti, tarehe, gharama na shingo ya sanamu. Baada ya miaka 15 ya kupinga kila kitu, onyo lake la kweli lilisikika kama kisingizio kingine. Watetezi wa mfuko nao walikuwa wamepigana kwa muda mrefu mno kuweza kukiri hadharani kwamba kifaa wanachokitetea kinaweza kuua. Kila upande ulikuwa na mawakili wake na masanamu yake. Mtoto wa kiti cha mbele alibaki ndani ya faili kama aya ya kupingwa, na hakuna aliyelipwa kuisimamia aya hiyo peke yake.

Hata ile hesabu ya watu 12,000 kwa mwaka ilikuwa kubwa kupita kiasi. Mamlaka yenyewe baadaye ilikadiria kwamba mifuko ya mbele iliokoa watu 50,457 kati ya 1987 na 2017, na kwa mwaka 2017 pekee chini ya 3,000, wakati ambapo Wamarekani wengi wanafunga mkanda. Ni watu wengi sana, na kila mmoja ana waliomsubiri nyumbani. Lakini namba ya 1977 ilipangwa ili ishinde hoja, na namba ikishapangwa hivyo huacha kumwambia aliyeiandika mahali anapokosea.

Mwaka 1997 mamlaka ililegeza jaribio ili mifuko ipunguzwe nguvu. Novemba mwaka huohuo ikaruhusu wenye magari kufungiwa swichi ya kuzima mfuko, kwa kibali. Kupata kibali ulijaza fomu. Ulitia saini kwamba umesoma kijitabu cha maelezo, kisha ukachagua sababu yako: unambeba mtoto mchanga mbele kwa kuwa gari halina kiti cha nyuma cha kumtosha, au una mtoto wa mwaka 1 hadi 12 ambaye lazima akae mbele, au una hali ya kiafya, au huwezi kuketi angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani. Ukaituma mamlakani, ukangoja barua ya kumwonyesha fundi.